Wahadhiri 96 au wafanyakazi 214? Uchambuzi wa kisa cha tawi la chama cha wafanyakazi katika chuo kikuu binafsi jijini Dar es Salaam

Chuo kinachochambuliwa hapa ni cha mfano. Kimeundwa kwa hali zinazojirudia katika vyuo vikuu binafsi vya Dar es Salaam, na takwimu zake zimewekwa ili msomaji aweze kufuata hesabu. Sheria na taratibu zinazotajwa ni za kweli: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, na mwenzake, Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka huohuo.

Tumechagua chuo binafsi kwa makusudi. Mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Muhimbili au Ardhi ni mtumishi wa umma. Mshahara wake na muundo wake wa utumishi huidhinishwa serikalini, majadiliano yake yana sheria yake ya mwaka 2003, na kifungu cha 32A cha Sheria ya Utumishi wa Umma kinamtaka amalize kwanza ngazi za rufaa za utumishi kabla ya kwenda kwenye vyombo vya sheria za kazi. Anayechukua hatua zilizoelezwa hapa na kuzipeleka chuo cha umma bila kuzibadilisha atakataliwa mlangoni.

Hali ilivyokuwa

Chuo kina kampasi mbili, moja Kinondoni na nyingine Kigamboni. Kina wafanyakazi 214: wanataaluma 96 wa ajira kamili, kuanzia wahadhiri wasaidizi hadi maprofesa, wahadhiri wa muda 58 wanaolipwa kwa idadi ya vipindi, na wafanyakazi 60 wa utawala, maktaba, maabara na ufundi. Miongoni mwa wale 96 wamo maamidi (wakuu wa vitivo) 4 na wakuu wa idara 9.

Mwezi Oktoba, wiki mbili kabla ya muhula kufunguliwa, menejimenti ilitoa waraka wenye mambo mawili. Kwanza, kila mhadhiri atafundisha kozi 5 kwa muhula badala ya 3. Pili, malipo ya vipindi vya ziada, yaliyokuwa Sh 15,000 kwa kila saa inayozidi saa 12 kwa wiki, yamefutwa. Waraka ulikuta vidonda viwili vya zamani. Vipindi vya ziada vya muhula uliopita vilikuwa havijalipwa. Na wahadhiri walipoomba taarifa zao za michango NSSF, waligundua kuwa miezi 7 haikuwa imewasilishwa, ingawa asilimia 10 ya mishahara yao ilikatwa kila mwezi na kuonekana kwenye hati ya mshahara.

Kwa hiyo kulikuwa na malalamiko manne kwa mpigo: mzigo wa kozi, kufutwa kwa malipo ya ziada, madeni ya vipindi, na NSSF. Wahadhiri waliyaweka yote kwenye barua moja, na hapo ndipo matatizo yalipoanzia.

Jumuiya si chama

Barua ya kwanza iliandikwa na jumuiya ya wanataaluma. Jumuiya za namna hii zina heshima kubwa katika historia ya vyuo vyetu. UDASA, jumuiya ya wanataaluma wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, ni mfano unaojulikana na kila mtu, na ni wajumbe wa jumuiya za wanataaluma waliokutana Dar es Salaam tarehe 19 Aprili 1990 na kupitisha Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa kitaaluma na wajibu wa wasomi kwa jamii. Jumuiya inaweza kutetea mitaala, kukemea kuingiliwa kwa mitihani, na kuwa sauti ya wasomi mbele ya Seneti. Lakini haijasajiliwa kama chama cha wafanyakazi, kwa hiyo haina haki ya kudai makato ya ada, haiwezi kumlazimisha mwajiri kukaa mezani, wala haiwezi kuitisha mgomo unaolindwa na sheria.

Menejimenti ilijibu kwa sentensi mbili: barua imepokelewa, na jumuiya haitambuliki kama chombo cha majadiliano. Wahadhiri walikasirika sana. Kwa maoni yetu jibu lile lilikosa staha, lakini kisheria lilikuwa sahihi, na lilipaswa kuwaonyesha njia mapema.

Njia zilikuwa mbili. Kusajili chama kipya kunahitaji mkutano wa waanzilishi wasiopungua 20, katiba yenye mambo yote yanayotakiwa na sheria, orodha ya mahudhurio na muhtasari wa mkutano vilivyothibitishwa, kisha maombi kwa Msajili wa vyama ndani ya miezi 6 tangu chama kuanzishwa. Njia ya pili ni kujiunga na chama kilichokwisha kusajiliwa. Katika elimu ya juu vinavyojulikana zaidi ni THTU, chama cha wafanyakazi wa taasisi za elimu ya juu, na RAAWU, chama cha watafiti, wanataaluma na wafanyakazi washirika. Walichagua ya pili, na walichagua vizuri. Chama kipya cha chuo kimoja hukosa mtu wa kusimama mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, siku katibu anapokuwa darasani. Kosa la kuepuka hapa ni kugawanyika: kikundi kimoja kikijaza fomu za chama hiki na kingine cha kile, hakuna kinachofikisha wingi unaohitajika ili kitambuliwe, na menejimenti haihitaji hata kujibu.

Fomu 74 zikawa 65

Uanachama unaomfunga mwajiri huonekana kwenye karatasi inayoitwa TUF.6, fomu ambayo mfanyakazi anamruhusu mwajiri kumkata ada ya chama. Ndani ya wiki tano zilikusanywa 74. Katibu wa tawi alikuwa tayari kuzipeleka, lakini ofisa wa chama kutoka makao makuu alidai zikaguliwe kwanza, na ukaguzi ule uliokoa kazi nzima.

Fomu 5 hazikuwa na tarehe au sahihi. Zilipigwa picha na kutumwa kwa WhatsApp kutoka Kigamboni, na nakala halisi haikuwahi kuvuka. Fomu 2 zilikuwa za watu ambao mikataba yao ilikwisha Septemba. Fomu 6 zilikuwa za wahadhiri wa muda, ambao hadhi yao ilikuwa bado na utata. Zilibaki 61. Wanne kati ya wale watano walipatikana na kusaini upya, zikawa 65.

Mwajiri anayepinga idadi hapotezi muda kubishana na hoja. Huanza na fomu mbovu. Akionyesha tano mbovu mbele ya msuluhishi, sitini nzima zinatiliwa shaka. Kwa hiyo kila fomu ijazwe kwa wino, jina liwe kama lilivyo kwenye hati ya mshahara, iwe na namba ya ajira na tarehe, na zitolewe nakala tatu: ya mwajiri, ya tawi na ya mwanachama. Nakala ya mwajiri ipelekwe kwa barua ya kusindikiza yenye orodha ya majina, na nakala ya barua igongwe muhuri wa mapokezi siku hiyohiyo.

Afisa utumishi alikataa kuanza makato, akisema chama bado hakijatambuliwa. Hili ni kosa la kawaida kuliko yote katika eneo hili, na wafanyakazi wengi hulikubali bila kuuliza. Makato ya ada hayategemei wingi. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinadai mambo mawili tu: chama kilichosajiliwa na idhini ya mfanyakazi katika fomu. Fedha ziwasilishwe kwa chama ndani ya siku 7 baada ya mwisho wa mwezi wa makato. Mwajiri akichelewa bila sababu ya msingi anadaiwa asilimia 5 ya kiasi chote kwa kila siku. Chukua ada ya asilimia 1 na wastani wa mshahara wa Sh 1,800,000: wanachama 65 wanatoa Sh 1,170,000 kwa mwezi, na kila siku ya kuchelewa ni Sh 58,500. Tawi liliweka hesabu hiyo kwenye barua moja fupi, bila maneno makali, na makato yakaanza mwezi uliofuata.

Haki nyingine pia hazisubiri wingi. Ofisa wa chama anaruhusiwa kuingia eneo la kazi kuandikisha na kukutana na wanachama. Tawi linaweza kufunguliwa palipo na wanachama 10 au zaidi. Wawakilishi hupatikana kwa idadi: mmoja kwa wanachama 1 hadi 9, watatu kwa 10 hadi 20, kumi kwa 21 hadi 100, na kumi na watano wakizidi 100; katika daraja hilo la mwisho, wasiopungua watano wawakilishe wanawake. Tawi lilikuwa na haki ya wawakilishi 10, likawagawa sita Kinondoni na wanne Kigamboni, ili asilazimike mtu kupanda kivuko kila lilipotokea jambo.

Nani anahesabiwa

Kutambuliwa kama wakala pekee wa majadiliano, kwa kifungu cha 67, ndiko kunakodai wingi: zaidi ya nusu ya wafanyakazi katika kundi stahiki la majadiliano. Tawi liliandika kuwa kundi lake ni wanataaluma 96, nusu yake ni 48, lina 65, basi limevuka. Menejimenti ilijibu kuwa kundi ni wafanyakazi wote 214, wingi ni 108, na 65 ni asilimia 30 tu.

Kesi nyingi za vyama vyuoni hushinda au kushindwa hapa, kabla ya neno la kwanza kuhusu mshahara. Wahadhiri hutumia miezi wakihesabu nani amesaini, bila kukaa hata jioni moja kuamua wanahesabiwa kati ya nani. Sheria haisemi kuwa kundi stahiki ni chuo kizima, wala haisemi kuwa ni wanataaluma peke yao. Inataka yaangaliwe mambo kadhaa: matakwa ya pande zote, historia ya majadiliano, chama kimeenea kiasi gani, kufanana kwa maslahi, muundo wa mwajiri, kazi zinavyoendeshwa, na mahali zilipo. Na mizani yote inaelekea kwenye mpangilio usiomgawa mwajiri vipande vipande.

Tuanze na wale wahadhiri wa muda 58. Menejimenti iliwaingiza ili kukuza idadi ya wanaohesabiwa, bila kuona ilichokuwa ikikiri. Kwa miaka mingi chuo kilidai watu hawa si waajiriwa: hawana likizo, hawawekewi NSSF, wanalipwa wakileta fomu ya vipindi. Sasa chuo hichohicho kinawahesabu kama wafanyakazi ili kupunguza asilimia ya tawi. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa ikiwepo hata dalili moja kati ya zilizoorodheshwa, na mojawapo ni kumfanyia kazi mtu huyo kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi au zaidi katika miezi mitatu iliyopita. Mhadhiri wa muda mwenye vipindi vya saa 12 kwa wiki anakaribia saa 50 kwa mwezi. Mwakilishi wa chama aliuliza swali moja tu mbele ya msuluhishi: kama 58 ni waajiriwa, mikataba yao iko wapi na michango yao ya NSSF iko wapi? Menejimenti iliomba mapumziko, na iliporudi ilisema kundi ni watu 156: wanataaluma wa ajira kamili pamoja na wafanyakazi wa utawala.

Hoja ya pili ilihusu maamidi na wakuu wa idara. Menejimenti ilitaka fomu za wote waliosaini zitupwe, kwa kuwa ni viongozi. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamzuia mfanyakazi wa ngazi ya juu ya menejimenti kuwa katika chama kinachowakilisha walio chini ya ngazi hiyo, lakini tafsiri yake ni nyembamba: ni yule ambaye kwa nafasi yake anatunga sera kwa niaba ya mwajiri, na pia ana mamlaka ya kusaini mikataba ya pamoja kwa niaba yake. Masharti yote mawili lazima yawepo. Mkuu wa idara anayepanga ratiba na kusaini fomu za likizo hayafikii. Amidi kwa kawaida hayafikii pia. Nchini Marekani mambo ni mengine: mwaka 1980 Mahakama ya Juu iliamua, katika shauri la Chuo Kikuu cha Yeshiva, kuwa wahadhiri wa ajira kamili wa chuo kile walikuwa sehemu ya uongozi kwa sababu waliamua mitaala, udahili na viwango, hivyo hawakulindwa na sheria ya majadiliano. Hoja ya aina hiyo hupenya mara kwa mara kwenye barua za wanasheria wa vyuo vyetu. Haina mguu katika maneno ya sheria yetu, na mwakilishi wa chama aijue kabla hajakutana nayo.

Kati ya 65 na 79

Likabaki kundi la watu 156. Wingi wake ni 79. Tawi lina 65. Pengo ni watu 14.

Ndani ya tawi palitokea mabishano. Wengine walitaka kushikilia kundi la 96 hadi Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, na walikuwa na hoja za kusikilizika: wanataaluma wana kanuni zao za utumishi, hupandishwa vyeo kwa machapisho, saa zao hupimwa kwa vipindi. Mahakama inaweza kuzikubali. Inaweza pia kuzikataa, na kwa vyovyote muhula ungekwisha, mikataba ya mwaka mmoja ingefika ukingoni, na fomu 65 zingeanza kupukutika zenyewe.

Wengine walisema tuwaendee wale 60. Kilichowarudisha nyuma wasomi, tulitaje bila kuzunguka, ni kiburi cha vyeo: kwamba suala la mhadhiri haliwezi kuchanganywa na la fundi wa maabara au karani wa usajili. Ni kiburi cha gharama kubwa. NSSF haikuwasilishwa kwa fundi wa maabara vilevile. Kozi zikiongezeka kutoka 3 hadi 5, anayepanga vyumba, anayechapa mitihani na anayefungua maabara saa mbili usiku anaongezewa kazi pia.

Tawi lilipanga mikutano mitatu saa saba mchana, wakati wa chakula, mmoja Kigamboni na miwili Kinondoni, na safari hii msemaji mkuu alikuwa mkutubi. Kwa wiki tatu walisaini 27. Wakawa 92 kati ya 156, asilimia 59. Ubishi wa kundi ukafa, maana hata kwa hesabu ya menejimenti yenyewe tawi lilikuwa na wingi.

Kuhusu muda: taarifa ya kuomba kutambuliwa ilipelekwa katikati ya Januari katika fomu iliyowekwa na kanuni. Mwajiri ana siku 30 kukutana na chama. Zilipokwisha bila makubaliano, mgogoro ulipelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko ndiko kulikotokea yaliyoelezwa hapo juu. Mkataba wa kutambuana ulisainiwa Machi. Kalenda hii haikuwa bahati. Taarifa ikipelekwa Julai, siku 30 zinaangukia likizo, saini za mikataba iliyokwisha zinapotea, na wanaotakiwa kupiga kura wako Mbeya na Bukoba. Fomu zikusanywe muhula ukishafunguliwa, taarifa iende mwanzo wa mwaka.

Haki na maslahi

Wakati hayo yakiendelea, kikundi cha wahadhiri vijana kiliamua kuzuia matokeo ya muhula wa kwanza hadi madeni yalipwe. Hawakuita mgomo, walisema wanafundisha kama kawaida, ila hawapandishi alama kwenye mfumo. Katibu wa tawi aliwazuia, na alikuwa sahihi. Sheria inautafsiri mgomo kuwa ni kusimamisha kazi yote au sehemu yake ili kumshinikiza mwajiri. Kutopandisha alama ni sehemu ya kazi. Mgomo baridi ni mgomo, na usipofuata taratibu, anayeushiriki anaweza kufukuzwa kazi na chama kinaweza kuzuiwa kwa amri ya mahakama.

Isitoshe, jambo walilotaka kuligomea halikuwa la mgomo. Malalamiko yale manne yalikuwa ya aina mbili tofauti. Vipindi vilivyokwisha kufundishwa bila kulipwa, na michango ya NSSF iliyokatwa bila kuwasilishwa, ni madai ya haki: mkataba au sheria imevunjwa, na mwamuzi au mahakama ndiyo itakayosema. Kozi 5 au 3 kwa mwaka ujao, kiwango cha malipo ya ziada, nyongeza ya mshahara, ni mgogoro wa maslahi: hakuna sheria inayotaja namba hizo, kwa hiyo hutafutwa mezani, na mgomo ndiyo nguvu ya mwisho. Nguvu hiyo haiwezi kutumika kwa madai ya haki.

Barua ya Oktoba ilipochanganya vyote, iliumiza upande wa haki kwa njia ambayo hakuna aliyeiona mapema. Madai yasiyohusu kuachishwa kazi yanatakiwa kufikishwa Tume ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Ya kuachishwa kazi ni siku 30. Vipindi vya ziada vilipaswa kulipwa mwisho wa Agosti. Wahadhiri walisubiri jibu la barua, kisha walisubiri tawi, na Januari walipojaza fomu ya kufungua mgogoro siku 60 zilikuwa zimepita zamani. Ikabidi waombe kuongezewa muda, kila mmoja akieleza sababu ya kila siku aliyochelewa. Walikubaliwa kwa sababu walikuwa na barua pepe ya mhasibu ya Desemba iliyokiri deni na kuahidi tarehe. Bila ile barua pepe, tunaamini wangepoteza. Deni la mshahara halisubiri chama kiimarike: mwenye kudai afungue dai lake ndani ya muda, tawi litamkuta mbele.

NSSF ilifuatwa kwa mlango wake. Kila mwanachama alichukua taarifa ya michango yake na hati za mshahara za miezi ile 7, tawi likaziambatanisha na kuzipeleka kwenye ofisi ya NSSF inayosimamia chuo, kwa kuwa Mfuko wenyewe una mamlaka ya kukagua na kumdai mwajiri. Nyaraka za watu 80 zikiwa na mwezi uleule mtupu haziachi nafasi ya kusema mtandao ulisumbua.

Mezani

Chama kilichotambuliwa kina haki ya kupewa taarifa zinazohusika na majadiliano. Tawi liliomba nne: idadi ya wanafunzi kwa kila kozi, orodha ya mishahara kwa vyeo bila majina, jumla iliyolipwa kwa wahadhiri wa muda, na ada iliyokusanywa kwa miaka mitatu. Ya mwisho ilikataliwa kuwa ni siri, wakapewa muhtasari. Tatu za kwanza zilitosha.

Hoja ya mzigo ilishinda kwa hesabu ya kusahihisha. Kozi 3 zenye wanafunzi 80 kila moja ni vitabu 240 vya mtihani wa mwisho. Kwa dakika 20 kila kimoja ni saa 80. Kozi 5 ni vitabu 400, saa 133. Muda wa kusahihisha ni wiki mbili, na saa za kawaida za kazi kisheria ni 45 kwa wiki, yaani saa 90. Kwa kozi 3 kazi inawezekana kwa shida. Kwa kozi 5 haiwezekani ila kwa kusahihisha bila kusoma. Hapo bado majaribio mawili ya ndani ya muhula, yaani karatasi nyingine 800, hayajaguswa. Mjumbe wa menejimenti aliyewahi kufundisha aliiangalia karatasi ile na hakuipinga.

Hata hivyo makubaliano hayakuja mara moja. Mgogoro wa maslahi ulipelekwa Tume, ambako usuluhishi una siku 30. Tawi lilijiandaa kwa ukomo wake: kura ya siri kwa mujibu wa katiba ya chama, ambapo kinachohitajika ni wingi wa waliopiga kura, kisha taarifa ya saa 48 kwa mwajiri. Elimu haimo katika orodha ya huduma muhimu ambazo haziruhusiwi kugoma. Wanachama walielezwa pia upande wa pili: anayegoma kihalali hafukuzwi, lakini mwajiri halazimiki kumlipa siku hizo, na kuzuia lango au kuwafungia watu ndani hakuruhusiwi. Kujua kuwa tawi limejiandaa kwa utaratibu, na si kwa jazba, ndiko kulikoisogeza menejimenti katika wiki ya mwisho.

Mkataba wa hali bora ulioandikwa ulikuwa na vifungu vinavyopimika. Mzigo ni kozi 3 kwa muhula, na ya 4 kwa ridhaa ya maandishi tu. Kozi yenye wanafunzi zaidi ya 100 huhesabiwa kuwa moja na nusu. Vipindi vya ziada Sh 18,000 kwa saa, vilipwe pamoja na mshahara wa mwezi unaofuata. Mtu anayesimamia tasnifu zaidi ya 8 za shahada ya kwanza hupunguziwa kozi moja. Mshahara ulipanda asilimia 6, pungufu ya 12 zilizoombwa, na waliona ni heri mzigo upungue kuliko namba ya mshahara ipendeze. Nakala ilipelekwa kwa Kamishna wa Kazi. Tangu saini ya mwisho, mkataba unawafunga wote walio katika kundi, wanachama na wasio wanachama.

Kwa kuwa wote wananufaika, pande mbili zilisaini pia makubaliano ya ada ya uwakala: asiye mwanachama anakatwa kiasi kisichozidi ada ya mwanachama, fedha inawekwa kwenye akaunti ya peke yake, na inatumika kwa maslahi ya kiuchumi na kijamii ya wafanyakazi wa mahali pale tu, bila kwenda kwenye chama chochote cha siasa. Ni haki, lakini hukera wasiojiunga. Tawi lililoamua kubandika matumizi ya akaunti hiyo kwenye ubao wa matangazo kila baada ya miezi mitatu lilikwepa uadui mwingi.

Yaliyobaki wazi

Wahadhiri wa muda hawakupata kitu. Wale 6 waliosaini mwanzoni waliondolewa kwenye hesabu, na swali lililoifanya menejimenti iwatoe wote 58 kwenye kundi liliishia hapohapo. Hakuna aliyerudi Tume kudai lijibiwe kwa faida yao. Hili ni doa kwenye kazi nzuri. Hoja ya saa 45 iko palepale, na kila mmoja wao anaweza kuijenga kwa nakala za fomu za vipindi za miezi mitatu mfululizo, ratiba yenye jina lake, na risiti za malipo. Tawi linapaswa kuwasimamia katika dai hilo, kisha kuwaandikisha.

Upo pia mkataba wa katibu wa tawi, unaokwisha Septemba. Chuo kisipouhuisha bila sababu, wakati wenzake wa idara wamehuishwa na yeye mwenyewe alishahuishwa mara tatu, sheria inampa hoja ya matarajio halali ya kuhuishiwa, na kumwacha mtu kwa sababu ya chama kumekatazwa waziwazi. Siku zake ni 30 tangu tarehe ya kwisha kwa mkataba. Barua za uhuisho wa nyuma, tathmini za utendaji na ratiba ya muhula ujao iliyomtaja zikusanywe sasa, akiwa bado na ufunguo wa ofisi. Na kwa kuwa 92 ni wanachama 13 tu juu ya mstari, fomu za waajiriwa wapya zijazwe wiki ya kwanza ya Novemba: wingi ukipotea, mwajiri anaweza kutoa taarifa ya miezi mitatu ya kuurudisha, na ukishindikana, utambuzi unaondolewa.